Jina la Kina Gotobed

Kadi ya mwaliko ilifika Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1958, na baba akamrudishia mtu wa posta pale pale mlangoni.

"Si yetu hii," alimwambia. "Sisi hatumjui Talbot yeyote."

Mtu wa posta aliitwa Walt Setchell, na alikuwa amesoma darasa moja na baba. Aliigeuza bahasha akamwonyesha. "Imeandikwa Josiah Gotobed, Padley Fen. Kwani kuna Josiah Gotobed mwingine hapa?"

"Bahasha ni yangu, sikatai. Kilichomo ndicho si changu."

Nilitoka jikoni nikifuta mikono, nikaichukua. Ilikuwa kadi nzito yenye ukingo wa dhahabu, ikitualika kwenye harusi ya Pamela, binti wa bwana na bibi fulani wa London, na Hedley J. Talbot. Niliisoma mara mbili. Kisha nikamtazama baba, naye akaona usoni mwangu kile alichokataa kukiona kwenye kadi.

"Ni Hedley wetu, baba," nikasema.

Walt Setchell alipanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Jina letu ni Gotobed. Ukilisikia huwezi kulisikia vinginevyo: ni maneno yale yale ambayo mama humwambia mtoto aliyeanza kusinzia mezani, nenda ukalale. Zamani huku kwetu kwenye mabwawa yaliyokaushwa familia zenye jina hilo zilikuwa kadhaa, lakini kufikia wakati wangu Padley tulibaki sisi tu. Kukua na jina hili ni kukua na utani mmoja, unaorudiwa na kila mtu akidhani yeye ndiye wa kwanza kuufikiria. Baba alipoitwa jeshini mwaka 1917, sajini alisoma orodha mpaka akafika kwake.

"Gotobed."

"Nipo, afande."

"Subiri kidogo, kijana. Tumalize vita kwanza."

Kikosi kizima kilicheka, na baba akacheka nao. Alituambia mwenyewe kwamba ukiwahi kucheka haiumi sana. Msimamizi wa shamba, Ted Palfreyman, aliendeleza pale sajini alipoachia. Kila asubuhi kwa miaka thelathini, baba akifika kazini, Palfreyman alitazama saa yake na kusema, "Aa, umeamka. Nilidhani leo umelitii jina." Baba hakuchelewa kazini hata siku moja katika maisha yake. Nadhani hata angekuwa mahututi angetambaa kwa magoti afike kabla ya Palfreyman.

Hedley alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitano, na ndiye aliyepewa akili. Alipata nafasi katika shule ya wenye vichwa kule mjini, kisha akaenda London kufanya kazi katika ofisi ya bima. Kila mwaka alikuja Krismasi, halafu ikawa mwaka mmoja mmoja, halafu mama akafariki, akaja kuzika na kurudi siku ile ile. Hatukumlaumu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na unyevu ukutani, na yeye alikuwa amezoea mambo mengine.

Wiki moja baada ya kadi ilikuja barua. Alieleza kwamba alilibadilisha jina kwa mwanasheria miaka miwili iliyopita, na kwamba alikusudia kutuambia. Talbot alilitoa kwenye bango la duka la viatu. "Simaanishi kuwakana," aliandika. "Nimechoka tu kulitamka na kungoja mtu amalize kucheka."

Baba aliniambia nisome tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha akatoka kwenda kuwalisha kuku, ambao nilikuwa nimeshawalisha.

Harusini tulikwenda. Baba alivaa suti yake ya kanisani, yenye harufu ya kafuri, akakaa wima kwenye kiti chenye mto wa hariri kana kwamba angekivunja. Baba yake Pamela, mtu mnene mwenye adabu, alikuja na glasi mkononi akamgusa bega.

"Nasikia wewe ni mkulima, Bwana Talbot. Mnalima nini huko kwenu?"

"Viazi," akasema baba. "Na vile vingine vya kiwandani, vya kutengenezea sukari."

Katika treni ya kurudi alitazama dirishani mpaka tulipoanza kuiona ile nchi yetu tambarare, nyeusi, na mitaro yake iliyonyooka. Ndipo akasema, "Kaniita Talbot, nami nikaitika."

"Ulifanya kwa adabu, baba."

"Ndiyo. Hata Hedley naye anafanya kwa adabu."

Ningeweza kusema kwamba mambo yangeishia hapo kama si Mchungaji Lavington. Hakuwa mchungaji wetu, maana sisi ni watu wa lile kanisa dogo la matofali pembeni mwa mtaro, na yeye alikuwa wa kanisa kubwa la parokia. Lakini alinunua viazi kwetu, na alikuwa mtu mpweke aliyependa vitabu na kupenda zaidi kupata wa kumsimulia. Siku moja vuli ile alimkuta baba uani akipima gunia, akasema jambo fulani juu ya jina letu. Baba alijiandaa kucheka kama kawaida yake. Mchungaji hakuwa anatania.

"Nani kakwambia maana yake ni kwenda kulala?"

"Kila mtu, mchungaji. Tangu nina miaka mitano."

"Kila mtu si msomi. Wapo wataalamu wanaodhani ni jina la kale lililopotoka midomoni mwa watu. Godebert. Sehemu ya kwanza ni Mungu, ya pili ni kung'aa. Mtu anayeng'aa kwa Mungu."

Baba aliliacha gunia. "Hebu rudia."

Mchungaji akarudia. Baba akamwomba aandike, naye akaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi ya mbegu. Karatasi ile baba aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake, na jioni, tukila pudingi ya nyama ya chumvi, aliivua kofia mezani, jambo ambalo hakulifanya tangu mama alipokuwa hai, akaitoa.

"Hedley ameacha jina la Mungu akachukua la viatu," alisema. "Hajui tu. Akijua atalirudisha."

"Mchungaji amesema wapo wanaodhani, baba. Hakusema wana hakika."

"Basi tutakwenda kupata hakika."

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa vumbi la udongo wetu, na shamba lilikuwa limempunguzia siku za kazi zikawa nne. Alhamisi alikuwa huru. Basi Alhamisi, kuanzia mwezi wa kumi mwaka ule, tulipanda basi la saa mbili kwenda mjini, kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za kale za mkoa. Baba alisoma Biblia kwa kufuata kidole, lakini maandishi ya watu wa zamani, yenye mikia na vitanzi, hakuyaweza. "Macho ni yako, Zillah," aliniambia. "Mimi nitakaa."

Aliyetupokea aliitwa Bi Quennell, mwanamke mwembamba aliyevaa glavu zisizo na vidole kwa sababu ya baridi ya mle ndani. Aliuliza jina. Baba akalitaja akangoja. Bi Quennell aliinamisha kichwa kwenye daftari.

"Mnaliandika kwa t moja au mbili?"

"Moja, mama," akasema baba, na tangu dakika ile angemwachia huyo mwanamke nyumba yake.

Miaka minane tulikwenda, isipokuwa wakati wa mavuno na siku za theluji. Bi Quennell alinifundisha kuusoma mwandiko wa kila karne, jinsi s ilivyorefushwa ikafanana na f, jinsi mwandishi mvivu alivyokata neno katikati na kuweka mkwaju. Baba alikaa karibu yangu, kofia magotini, akitazama midomo yangu. Saa sita tulitoka nje tukala mkate na nyama baridi kwenye ngazi. Nilimpata Thomas, mkata matete, wa mwaka 1742. Nilimpata Margery, mjane, aliyefariki 1688 akaacha ng'ombe mmoja na vijiko vinne. Nilimpata Robert, mvuvi wa mikunga, wa 1611. Kadiri tulivyorudi nyuma herufi zilianza kuyumba. Mara Gotebed, mara Gotobedde, mara moja Godbed, na siku hiyo baba alisimama mle ndani ya chumba cha ukimya akaniambia kwa sauti, "Unaona? Limeanza kugeuka."

"Walikuwa wanaandika walivyosikia, Bwana Gotobed," Bi Quennell alimwambia kwa upole. "Usiegemee herufi moja, itakuangusha."

Hakumsikia. Jioni ile alinikalisha niandike barua. "Mwanangu Hedley. Tumefika mwaka 1611. Jina linaelekea kule mchungaji alikosema. Usiwe na haraka ya kuandikisha chochote kwa jina lile jingine."

Jibu lilikuja limepigwa taipu. Hedley alishukuru, akasema Pamela amejifungua mtoto wa kiume, Adrian, na kwamba anafurahi baba amepata kitu cha kumshughulisha.

"Kitu cha kunishughulisha," baba alirudia. "Anadhani nafuga njiwa."

Kuanzia hapo alikuwa na mwisho wa kuukimbilia: kabla mtoto hajaanza shule. Mtoto akaanza shule. Akasema basi kabla hajahamia shule ya wakubwa, ambako jina huandikwa rasmi. Nami nikaendelea kusoma. Nilivaa miwani nikiwa na miaka thelathini na nane. Kabla ya hayo yote alikuwapo mtu, Clement Fovargue, aliyeendesha lori la kiwanda cha sukari, na aliwahi kuniambia huku akicheka, "Faida moja hutakosa kwangu, Zillah, nitakuondolea hilo jina." Mama alipofariki alinisubiri mwaka mmoja. Alioa kwingine. Sikumlaumu, na siku hizo sikuwa na nafasi ya kufikiria sana. Jumatatu kulikuwa na kufua na Alhamisi kulikuwa na basi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1966 baba alishindwa kuinuka. Kifua kilimbana akawa anapumua kama mtu anayekata mbao. Nilitaka kubaki, akanikatalia. "Bi Quennell alisema ana kitu kipya kutoka kwenye sanduku la watawa. Nenda. Mimi sitakufa leo."

Kitu chenyewe kilikuwa hati ya ngozi, imeviringishwa, ya mahakama ya kijiji wakati ardhi yote ya kwetu ilikuwa mali ya monasteri. Mwaka 1301. Ilikuwa kwa Kilatini, na Bi Quennell aliifasiri neno kwa neno, kidole chake kikitembea juu ya maandishi bila kuyagusa.

"Walter, mwana wa Hugh, alipewa zamu ya kulinda tuta la mto, maji yakiwa juu," alisoma. "Akaacha zamu kabla ya mwenzake kufika, akaenda nyumbani kulala. Tuta likapasuka mahali pake. Ng'ombe arobaini wa watawa wamekufa maji, na mke wa mchunga bata na watoto wake wawili." Kidole kikashuka mstari mmoja. "Nyumba yake imeamriwa ivunjwe. Walter huyu, ambaye majirani zake tangu hapo wanamwita Gotobedde."

Jina hilo halikuwa kwa Kilatini. Mwandishi alikuwa ameliacha kama lilivyotamkwa, katikati ya maneno yale ya kanisa, kama jiwe ndani ya wali.

"Hakuna uthibitisho kwamba huyu ni wa kwenu," akasema Bi Quennell. "Kati yake na Robert wenu kuna miaka mia tatu bila karatasi hata moja. Watu wawili wanaweza kupewa jina moja kwa sababu mbalimbali. Na lile la Godebert bado wapo wanaolishikilia, ingawa, nikisema kweli, sijaliona popote huku."

"Kijiji ni kipi?"

Alivua miwani akaifuta. "Padley," akasema.

Ndani ya basi niliwaza kusema sijapata kitu. Lakini baba nilikuwa sijawahi kumdanganya, si kwa wema wangu bali kwa kuwa alinijua uso. Nilipoingia chumbani alikuwa amejiinua kwenye mito.

"Umekawia. Kuna kitu."

Nilimsomea. Niliandika tafsiri yote kwa kalamu ya risasi, na niliisoma bila kuruka neno, hata bata. Aliniomba nirudie pale penye tuta. Nikarudia.

"Mwaka arobaini na saba," akasema.

Sikuwa nahitaji kukumbushwa. Mwezi wa tatu mwaka huo theluji iliyeyuka yote kwa mpigo na mto, ambao kwetu hupita kati ya matuta juu kuliko mashamba, ukapanda mpaka ukingoni, juu ya usawa wa paa za nyumba zetu. Wanaume wa Padley walipanda juu ya tuta na mifuko ya udongo. Baba alikaa siku tatu. Koti lake liliganda likawa gumu kama ubao, na nilipompelekea chai alishika kikombe kwa viganja kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki. Siku ya tatu Palfreyman mwenyewe alipanda kumfuata akamwambia, safari hii bila mzaha wowote, "Gotobed, nenda ukalale, utakufa hapa." Baba alikataa mpaka maji yaliposhuka kiasi cha mkono mmoja. Tuta letu halikupasuka. Lilipasuka kwingine, kwa watu wengine.

"Mimi sikwenda," akasema.

"Najua, baba."

"Siku tatu. Sikwenda."

"Najua. Nilikuletea chai."

Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kumbe walikuwa wanasema kweli wakati wote."

"Bi Quennell anasema huenda si wa kwetu."

"Ni wa Padley. Atakuwa wa nani?" Akageuza uso ukutani. "Usimwandikie Hedley."

Hakutaka tena Alhamisi. Alipata nafuu kiasi cha kukaa jikoni karibu na jiko, blanketi magotini, na wageni walipokuja aliongea nao vizuri kuhusu bei ya mbegu. Mchungaji Lavington alileta kitabu kingine chenye dhana nyingine. Baba alimshukuru akakiweka dirishani, na hakukifungua. Kitu kilichokuwa kinamshikilia kilikuwa kimemwachia. Nilijaribu kumwinua moyo. Siku moja ya mwezi wa pili, nikimenya viazi, nilisema jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miaka mingi bila kujua kama ni langu kulisema.

"Baba, jina halijaisha. Mimi ni Gotobed."

Alinitazama kwa upole. Nataka ieleweke kwamba ilikuwa kwa upole, maana hakuwa mtu mkali na hakukusudia kuniumiza.

"Wewe utaolewa, Zillah."

"Nina miaka arobaini, baba."

"Utaolewa tu. Mwanamke jina lake ni la kuazima. Si kosa lako." Akanyoosha mkono akanipapasa kiwiko, akarudisha mkono chini ya blanketi.

Nilimaliza viazi. Nilivimenya vingi kuliko tulivyohitaji, vikabaki ndani ya maji mpaka kesho yake.

Alifariki mwezi wa nne, siku ya upepo. Kwetu, kabla mimea haijashika, udongo ukikauka ukakutana na upepo mkali wa majira hayo huinuka wote, pamoja na mbegu na mbolea, ukaenda zake. Saa saba mchana nilikuwa nimewasha taa. Udongo ule mweusi ulipenya kwenye nyufa za madirisha ukatanda juu ya shuka. Nilitundika taulo zilizoloweshwa, haikusaidia. Baba alikohoa mpaka nguvu ya kukohoa ikaisha, na saa nane na dakika chache akaacha. Hakusema neno la mwisho. Nilimfuta uso mara mbili kabla daktari hajafika, kwa sababu vumbi lilikuwa likiendelea kutua.

Hedley alikuja na Pamela na mtoto. Baada ya maziko watu wa kanisani walikunywa chai wakaondoka, na Pamela akamtembeza mtoto kwenye mtaro akaone bata. Hedley alibaki nami jikoni. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na mvi pembeni, lakini alikaa kwenye kiti kile kile cha utotoni, mgongo ukutani.

"Jiwe nitalishughulikia mimi," alisema. "Nimefikiria liandikwe kwa urahisi. Josiah na Martha, wazazi wetu wapendwa. Na miaka."

"Na jina la ukoo?"

Aligeuza kikombe. "Si lazima."

"Hedley, alilitafuta hilo jina miaka minane. Kwa ajili yako."

"Sikumwomba alitafute."

"Alikuwa anakuandikia—"

"Dada, ngoja." Aliinua mkono. "Unajua walichokuwa wananifanyia shuleni? Hujui. Hakuna anayejua, hata Pamela. Kila asubuhi, kabla ya mwalimu kuingia, walinilaza juu ya meza wakanifunika makoti. Makoti ya darasa zima. Wengine walikaa juu. Nilikuwa nasikia wanaimba wimbo wa kubembeleza watoto, na mimi sipati hewa. Mwalimu akiingia anasema, Gotobed, ukishaamka tutaanza. Kila asubuhi, miaka mitano."

Nilikumbuka jinsi baba alivyomsindikiza hadi kituo cha basi siku ya kwanza, akiwa amembebea mfuko.

"Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Sajini akisema, anacheka. Palfreyman akisema, anacheka. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa, na mimi nimeshindwa." Alifuta macho kwa kitambaa cha mezani, kama mtoto. "Sitaki watu wapite makaburini wasome, wacheke. Hilo tu. Amelala, waache wasimcheke."

Nilikuwa na ile tafsiri ya Bi Quennell kwenye droo, hatua mbili kutoka kiti chake. Sikuitoa. Ingemsaidia nini? Ningemwambia kwamba wale wavulana walikuwa na haki? Au kwamba baba alisimama kwenye tuta siku tatu akimlipia mtu ambaye hakumjua? Nilimtazama, nikaona kwamba wote wawili walikuwa wamekimbia kitu kile kile, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwona mwenzake. Nami nilikuwa nimekaa katikati miaka yote nikiwaandikia barua.

"Andika unavyotaka," nikasema.

Kesho yake alitupeleka kwa gari mjini, kwa mchonga mawe. Alichagua jiwe la kijivu, zuri. Mchonga mawe aliuliza jina la ukoo kwa ajili ya risiti tu, na Hedley akasema Talbot. Mzee yule aliandika bila kuinua kichwa. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama mifano ya malaika.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma na mtoto. Adrian alikuwa na miaka saba, mtulivu, mwenye masikio ya baba yetu kabisa, yaliyotokeza. Hakuwa ananijua, tulikuwa tumeonana mara mbili. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa heshima, kama walivyomfundisha.

"Wewe ni shangazi nani?"

"Shangazi Zillah."

"Zillah nani?"

Hedley alinitazama kwenye kioo. Pamela aliendelea kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Nje mashamba yalikuwa yamebaki na mistari ya udongo wa chini, uliopauka, pale upepo ulipoondoa ule mweusi, na watu walikuwa wameinama wakipanda upya.

"Zillah tu," nikasema.

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye dirisha lake. Hedley aliniteremsha getini. Alisema ataandika. Nilisimama mpaka gari likapinda kwenye kona ya mtaro, kisha nikaingia ndani.